Seva Iliyoanguka na Mvua

Jumatatu, 13 Machi 2006

Mvua imeanza kweli. Mama alipiga simu kutoka Kitui kusema kwao imenyesha vizuri na wamepanda mahindi na mbaazi. Baada ya ukame wa mwaka jana, vuli ikipita bila tone, sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka kwenye simu. Hapa Mutuini, Nairobi, matope yamefika kizingitini.

Wakati wa chakula Kanyiva aliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Tumeoana miaka tisa, lakini yeye alikuwa Kitui na mimi nilikuwa na chumba kimoja Kawangware, tukionana mwisho wa mwezi. Ni Januari hii tu alipohamia na binti yetu Kasiva, tukapata nyumba hii ya vyumba viwili na shule iliyo karibu. Kwa hiyo swali lilikuwa la haki. Nilimwambia kampuni yetu inatengeneza miwani. Tuna maduka Dagoretti Corner, Thika, Machakos, Embu, hadi Nakuru. Mteja akipimwa macho, karani anaandika vipimo kwenye kompyuta, kompyuta inapiga simu, kupitia kisanduku kiitwacho modemu, kwa mashine kubwa iliyo ofisini kwetu Mtaa wa Biashara, ile tunayoiita seva, na seva inachapisha agizo kwa mafundi wa lenzi. Mimi nakaa na seva.

"Unakaa nayo ukifanya nini?"

"Nikiona imeanguka, naizima na kuiwasha."

"Na isipoanguka?"

"Napokea simu za maduka."

Alifikiri kidogo. "Ni kama kukaa na mgonjwa," akasema.

Leo ilianguka mara moja. Februari nzima haikuwa imeanguka.

Jumanne, 14 Machi

Mvua. Imeanguka.

Ijumaa, 17 Machi

Imeanguka alasiri, maduka yakiwa na watu. Ujumbe ni ule ule: memori imekwisha, haiwezi kuanzisha uzi mpya. Naandika uzi, Simran husema thread. Yeye ndiye aliyeandika programu yote tangu alipokuja Septemba. Ni mtoto wa kaka yake mwenye kampuni, Bwana Ajit, na alisomea ng'ambo. Hukaa na vile vipaza sauti vidogo masikioni siku nzima, na ukimwuliza jambo hukujibu akiitazama skrini. Mimi humwita Miss Simran. Sidhani ameniangalia usoni tangu mwaka uanze.

Macharia, fundi wa mashine, alitoka maduka ya kompyuta ya Luthuli na kijiti cha memori mfukoni kama mtu aliyebeba peremende.

"Mzee, hii seva iko na njaa," alimwambia Bwana Ajit. "Mashine ni kama tumbo. Ikisema imekosa, unaongeza."

Bwana Ajit akasema iongezwe. Macharia akakichomeka kile kijiti. Ndani ya programu kuna ghala ambamo maagizo na vipimo vyote huwekwa, na Simran, anayeamua ukubwa wake, akalipanua. Mimi nikawasha. Napenda jinsi Macharia anavyofanya kazi. Haringi.

Jumatatu, 20 Machi

Jua siku nzima. Haikuanguka. Kasiva amepoteza kiatu kimoja matopeni njiani kutoka shule.

Alhamisi, 23 Machi

Ngurumo tangu saa nane. Imeanguka mara mbili. Mwanzoni ilikuwa inaanguka mara moja tu kwa siku ya mvua. Sasa, na memori mpya, haimalizi hata alasiri moja.

Wambua wa mashine za kusaga lenzi alichungulia mlangoni. "Kompyuta yenu imelala tena? Si muite mchungaji aiombee."

"Mchungaji atauliza kama imeokoka," Macharia akamjibu.

"Hiyo? Hiyo hata kubatizwa haijabatizwa."

Tulicheka, hata mimi. Simran hakucheka. Alikuwa anatazama kipimo cha ghala kwenye skrini yake, akaigeuza nikione, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ghala halikuwa limejaa hata nusu. Programu imekufa ikilia kwamba memori imekwisha, na memori iko pale, tupu.

"Unaelewa?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Hata mimi," akasema, akarudisha vipaza sauti masikioni.

Jumatano, 29 Machi

Macharia ameleta kijiti kingine. Bwana Ajit alisimama nyuma ya kiti cha Simran na kumwambia hataki kuona kitu alichonunua kikikaa bure, atumie chote. Simran akalipanua ghala hadi kiwango cha mwisho ambacho programu ilikubali. Walizungumza Kipunjabi kidogo, na yeye akawa anaitikia tu, "Ji, Chachaji. Ji," yaani ndiyo, baba mdogo. Mtu mzima, na anaongea kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Jumamosi, 1 Aprili

Nusu siku kazini. Mchana nilimwaga changarawe mlangoni. Kanyiva ameanza kuwafahamu majirani. Amepewa kipande kidogo nyuma ya ploti apande sukumawiki. Aliniita nione. Nilisimama nikitazama mistari yake na nikawa nafikiria mawingu ya upande wa Ngong.

Jumatano, 5 Aprili

Siku mbaya kuliko zote.

Ngurumo ya kwanza ilisikika tukiwa tunarudi kutoka chakula cha mchana. Kabla ya saa tisa seva ilikuwa chini. Niliwasha. Ikafanya kazi kidogo, ikaanguka. Niliwasha tena. Mara ya nne sikuona sababu ya kuketi. Maduka yakaanza kusoma maagizo kwa simu, mimi na Macharia tukiandika kwa mkono, laini zikikwaruza kwa sababu ya maji. Thika walisema wateja wamerudi kwa mara ya tatu kuulizia miwani na mmoja amekataa kuondoka dukani. Kule Embu mwalimu mkuu hawezi kusahihisha karatasi za watoto. Ameazima miwani ya mke wake.

Saa kumi Bwana Ajit aliingia na kufunga mlango. Hakupaza sauti. Ni mzee mtulivu, kilemba chake siku zote kimenyooka, na akikasirika huongea polepole zaidi.

"Nthiwa, niambie ukweli. Hii ni shida ya mashine ama ni shida ya watu?"

Nilisema sijui.

"Macharia?"

"Mzee, labda tuongeze..."

"Usiniambie kuongeza." Akamgeukia Simran. "Wewe?"

Simran alitoa vipaza sauti, akavikunja, akaviweka mezani. "Nahitaji wakati, Chachaji."

"Nitakupa. Iko kampuni Westlands, wanauza programu iko tayari. Nimeongea na wao. Mpaka mwisho wa Mei. Kama hii yetu haijasimama, nachukua yao."

Macharia akauliza sisi wa chumba hiki tutakuwa wapi.

"Wao wanakuja na watu wao," alisema Bwana Ajit, na alitazama sakafu alipokuwa akisema.

Nina kidato cha nne na cheti cha miezi mitatu cha kompyuta. Nilikuwa mpakizi wa maboksi hapa hapa kabla ya kuhamishwa chumba cha seva. Hakuna kampuni nyingine itakayonipa kiti mbele ya seva, na stoo walikwisha kujaza nafasi yangu. Mshahara wa kazi nyingine ninayoweza kuipata utatosha chumba kimoja, kama zamani. Kanyiva na Kasiva watarudi Kitui.

Nilifika nyumbani nimelowa. Kanyiva alisema sukumawiki imeota. Sikumwambia.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua. Imeanguka. Mvua. Imeanguka.

Alhamisi, 13 Aprili

Kesho ni Ijumaa Kuu. Mama alipiga kusema mahindi yamefika magotini na tuombe mvua isikatike. Nilisema nitaomba. Huko kwetu watu wamezika ng'ombe mwaka huu, na mimi niko Nairobi nikiomba kimoyomoyo mawingu yapite. Naona aibu kuandika.

Jumanne, 18 Aprili

Nilitumwa duka la Dagoretti Corner kupeleka karatasi za printa. Karani wa pale ni Annah, nimezungumza naye kwa simu miaka miwili lakini sikuwahi kumwona. Ni mnene kuliko sauti yake. Alikuwa katikati ya kuandika vipimo vya mama mmoja ngurumo ilipopiga, mbali, upande wa Karen. Annah hakuinua hata kichwa. Aliinama chini ya meza, akavuta waya wa simu, akavuta plagi ya stima, akajipangusa mikono.

"Mama, tungoje kidogo. Ni radi," akamwambia mteja.

"Na vipimo vyangu?"

"Tutaanza tena. Kwani macho yako yanaenda mahali?"

Mteja akacheka. Ngurumo ilipotulia Annah alichomeka kila kitu, kompyuta ikapiga simu upya, akaanza upya. Hajamaliza, ngurumo nyingine. Akainama tena. Alifanya hivyo mara kadhaa nikiwa pale nikinywa chai yake, na wala hakulalamika. Nilipofika ofisini nilikuta seva iko chini.

Jumatano, 19 Aprili

Lazima niandike ya leo vizuri.

Mchana tulikuwa wawili tu chumbani. Simran alikuwa anakula chapati na achari kutoka kwenye mkebe wake, akanisogezea mfuniko wenye chapati moja. Kwa kutojua la kusema, nikamsimulia kisa cha Annah, nikimwigiza anavyoinama bila kutazama. Nilidhani atacheka. Aliacha kutafuna.

"Rudia."

"Alivuta waya."

"Waya gani?"

"Wa simu. Halafu wa stima."

"Programu alikuwa ameifunga?"

"Miss Simran, radi haingoji mtu afunge programu."

"Na wengine? Thika? Machakos?"

"Wote. Ni amri ya mzee. Mwaka jana masika radi ilichoma modemu za maduka manne, akasema ngurumo ya kwanza, kila mtu avute waya. Aliyechomewa modemu angeeleza kwa nini hakuvuta."

Alinitazama usoni. "Bwana Nthiwa, mwaka jana masika mimi sikuwa hapa."

Hilo halikuwa limenijia. Amri ile tuliizoea kama tulivyozoea ngazi za jengo; hakuna mtu ambaye angefikiria kumwambia mgeni kwamba zipo.

Alifuta mikono, akafungua lile dirisha la mashine linaloonyesha programu zinazoendelea, akaongeza safu moja ambayo sikujua ipo, ya idadi ya nyuzi. Maduka yaliyokuwa yameunganishwa hayakufika thelathini. Nyuzi zilikuwa zaidi ya mia nne. Nje kulikuwa kunanguruma. Tulikaa tukiitazama ile nambari. Kila ngurumo ilipopita, baada ya kitambo ilipanda, na haikushuka hata mara moja.

"Wako wapi hao wote?" nikauliza.

"Wanangoja," akasema Simran. "Wanawangoja makarani waliovuta waya. Hakuna aliyewaaga, kwa hiyo hawajui kwamba mtu ameondoka."

Ilipokaribia mia tano, ikaanguka. Ghala lilikuwa nusu tupu.

Alhamisi, 20 Aprili

Jana sikuelewa yote. Nilijua kwamba nyuzi zimezidi, lakini kwa nini ziishiwe memori wakati memori ipo? Na kwa nini kila tulipoongeza ikaanguka upesi zaidi? Leo nilimwuliza. Alinishika mkono wa shati, akanipeleka karakana ya lenzi.

Huko kila kazi ina trei yake ya plastiki. Ndani mnakaa fremu, lenzi mbili na karatasi ya agizo, na trei ni ile ile hata kazi iwe ndogo vipi. Trei zinakaa kwenye rafu ya ukutani. Mwisho wa chumba kuna kabati kubwa la akiba ya lenzi.

"Uzi ni mfanyakazi," akasema. "Duka likiingia, programu inaajiri watatu: wa kusikiliza, wa kujibu, na wa kuwachunga hao wawili. Kila mmoja anapewa trei yake, nafasi ya memori ya kuwekea kazi aliyoishika mkononi. Inatengwa nzima, hata akiwa hafanyi kitu. Sasa, trei ziko wapi? Ndani ya kabati?"

"Hapana. Kwenye rafu."

"Kabati ndilo lile ghala. Mimi kipimo changu kinatazama ndani ya kabati tu. Rafu hakioni."

"Lakini chumba si tumekipanua? Macharia ameleta..."

"Chumba hakipanuki. Mashine ya aina yetu inaipa programu moja chumba cha ukubwa fulani, basi, hata ukijaza vijiti vya memori mpaka boksi lishindwe kufunga. Kabati na rafu vinagawana chumba hicho hicho."

Nilitazama kabati, nikatazama rafu. "Kwa hiyo ukipanua kabati..."

"Nakata rafu. Kila alipoleta kijiti, mimi nikakata rafu." Wambua alikuwa amezima mashine yake ili asikie. Simran hakujali. "Si Macharia. Yeye alileta alichotumwa. Ukubwa wa ghala ni mimi. Nilifundishwa kwamba nyuzi zina gharama, nikafanya mtihani, nikapita. Halafu Chachaji akasema tumia chote, nikatumia chote."

Wambua akasema, "Basi toeni trei za watu walioenda."

"Ndiyo," Simran akamjibu. "Hiyo na kupunguza kabati. Ndiyo kazi yote."

Tukirudi aliniambia niache kumwita Miss, inamfanya ajihisi mwalimu wa shule ya Jumapili. Miezi yote hii nilidhani ni maringo. Ni mtu anayeogopa, kama mimi. Yeye akishindwa, bado kila jioni atakula meza moja na Bwana Ajit, maana anaishi kwake.

Jumatatu, 24 Aprili

Simran alimweleza Bwana Ajit. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nimeongeza, nimeongeza. Sasa unaniambia nipunguze?"

"Ghala tu, Chachaji. Vijiti vitabaki."

"Vikae bure."

"Vikae."

Macharia alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake sikuupenda. "Tangu lini mtu akipunguza chakula mgonjwa anapona? Mimi nimefanya hii kazi kabla wewe hujatoka shule, Simran. Mzee, hawa wanatafuta mahali pa kuweka lawama."

"Hakuna aliyekulaumu," nikasema.

"Wewe nyamaza, Nthiwa. Wewe ni wa kuwasha na kuzima."

Kweli. Lakini nilimpenda Macharia kwa sababu hakuwa mtu wa kusema hivyo.

Bwana Ajit alisema ujinga au akili, mwisho wa Mei ni mwisho wa Mei. Tufanye.

Na hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba amri ya nyaya ni yake. Nilisema tu, "Mzee, makarani wanakutii sana." Alinitazama kitambo. Nadhani alielewa.

Jumanne, 25 Aprili

Imeanguka. Simran anaandika.

Jumamosi, 29 Aprili

Nimemwambia Kanyiva kuhusu mwisho wa Mei. Alikuwa anakata sukumawiki na hakuacha kukata.

"Umejua tangu lini?"

"Mwanzo wa mwezi."

"Ndiyo maana ulikuwa unatazama mawingu kama mtu anayedaiwa." Akajaza sufuria. "Mimi sitaki kurudi, Baba Kasiva. Najua shamba liko. Najua mama yako amezeeka. Lakini nimejua sasa unavyokohoa asubuhi, na jinsi unavyopanga viatu. Miaka tisa sikuwa najua."

Nikampokea sufuria, nikaipeleka jikoni.

Alhamisi, 4 Mei

Programu mpya imewekwa asubuhi. Ghala limepunguzwa, trei ya kila uzi imefanywa ndogo zaidi, kwani Simran ameona hazitumiki hata robo. Na uzi usiposikia neno kutoka dukani kwa dakika chache hufunga kazi na kuondoka. Dukani nako kompyuta hutuma salamu fupi mara kwa mara hata karani asipoandika kitu, ili mwenye kukaa kimya asidhaniwe ameondoka.

Mvua ya manyunyu. Hakuna ngurumo. Haikuanguka.

Jumatatu, 8 Mei

Jua. Haikuanguka.

Ijumaa, 12 Mei

Jua. Haikuanguka. Nyuzi hazijafika mia. Macharia anasema hata mbuzi angeweza kuendesha seva katika hali hii.

Alhamisi, 18 Mei

Mvua imekatika mapema. Nimepiga simu Thika, Embu, Machakos, hata Nakuru: kumekauka, makarani hawajagusa nyaya tangu mwezi uanze. Mama hana wasiwasi, mahindi yamekwisha kushika. Ni mimi ambaye sasa natafuta wingu. Nimekaa miezi miwili nikiomba isinyeshe, na imenisikia.

Bwana Ajit alipita, nikamwonyesha wiki mbili bila kuanguka.

"Februari pia haikuanguka," akasema. "Nthiwa, mimi si mtoto. Bila mvua hata ile ya zamani ilikuwa inasimama. Watu wa Westlands wanakuja tarehe moja Juni. Mvua nyingine ni Oktoba. Nikiwakataa na Oktoba ianguke, nitauza miwani kwa kupiga filimbi?"

Hana makosa. Hilo ndilo linalochosha.

Jumanne, 23 Mei

Mawingu asubuhi. Simran nami tulisimama dirishani kama watoto. Yakaenda.

Nikamwambia, nusu mzaha, kwamba radi yenyewe haiingii kwenye seva. Kinachoingia ni mkono wa Annah. Na mkono wa Annah una namba ya simu.

Alinigeukia polepole. "Mchana kweupe?"

"Mchana kweupe. Mzee akiwa hapa."

Jumatano, 24 Mei

Mbingu safi hadi Ngong.

Bwana Ajit alikubali kuketi. Simran alimpa kiti chake na kumwonyesha safu ya nyuzi. Macharia alisimama ukutani, mikono imefungwa. Mimi nilikuwa na simu, kipaza sauti chake kimefunguliwa ili wote wasikie, nikiwapigia makarani kwa simu zao za mkononi, na Wambua alikuwa kwenye simu ya karakana, maana mtu mmoja asingewafikia wote kwa wakati. Ujumbe ulikuwa mmoja: vuta waya kama vile radi imepiga, uchomeke, uingie upya, ukiingia vuta tena, mpaka tuwaambie basi. Tulianza na Dagoretti Corner.

"Nivute na jua linawaka hivi?" Annah akauliza. "Mzee anajua?"

"Ako hapa."

"Basi mwambie mimi huvuta kila siku ya mvua. Sijawahi kuambiwa mara mbili."

"Amesikia."

Machakos, karani ni Ndeti. "Nthiwa, umeamka vizuri? Huku hakuna wingu hata la dawa."

"Vuta tu, ndugu yangu."

"Na nikichoma kitu?"

"Mzee atalipa." Bwana Ajit akakohoa.

Thika walivuta plagi ya stima peke yake. Embu walivuta simu peke yake. Nakuru waliuliza waya wa simu ni upi, maana wao huzima taa ya duka tu na kungoja. Mmoja alikata simu akidhani ni matapeli. Ilibidi nimpigie tena na Bwana Ajit mwenyewe azungumze, na hata hapo yule dada alisema, "Na nitajuaje wewe ni Bwana Ajit?" Mzee akamtajia siku alipomwajiri na kosa alilolifanya siku hiyo. Akavuta.

Nambari ilianza kupanda. Mia. Mia mbili. Nilisikia Wambua karakana akipiga kelele, "Vuta! Vuta tena!" kama mtu wa mpira. Mia tatu, ikaendelea. Ilipofika pale ambapo zamani ilikuwa inaanguka, Simran aliweka kiganja juu ya mdomo. Ikapita. Ikaendelea kupanda, seva ikiwa hai, na Wambua akaja mbio na karatasi iliyotoka kwenye printa yake: agizo la kweli, kutoka duka moja ambalo karani wake alichoka na mchezo wetu akamhudumia mteja.

Ikasimama juu. Ikakaa. Bwana Ajit hakugusa chai yake. Nilimfikiria Kanyiva na vitanda vyake vya sukumawiki, nikaacha kumfikiria kwa sababu haikusaidia.

Kisha ikashuka kidogo. Nilidhani macho yangu yamechoka. Ikashuka tena. Wale wafanyakazi waliokuwa wakiwangoja watu walioondoka walianza kuondoka wenyewe, wachache kwanza, halafu kwa mafungu, mpaka nambari ikarudi karibu pale tulipoanzia, wakabaki wa maduka yaliyokuwa yameunganishwa kweli.

Bwana Ajit aliitazama kwa muda mrefu. "Rudieni," akasema.

Tukarudia. Annah aliniuliza kama tuna kazi nyingine.

Ikashuka tena.

Macharia alifungua mikono yake. Akamwendea Simran, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu, "Vile vijiti viwili nikivitoa naweza kuviweka kwenye kompyuta za karakana. Huko vitakula vizuri."

"Viweke," akasema Simran.

Jumatatu, 29 Mei

Sikuandika mwisho wa wiki. Nililala.

Leo Bwana Ajit alituita mmoja mmoja. Watu wa Westlands hawaji. Simran anabaki, Macharia anabaki. Mimi aliniambia niketi.

"Nimefurahi na nimechoka," akasema. "Ile siku nimesikia makarani wangu. Huyu anavuta hii, huyu anavuta ile, huyu anazima taa. Wengine hawanijui sauti. Hakuna mtu amewahi kwenda kuwaona."

"Ndiyo, mzee."

"Seva sasa haitaki mtu wa kuzima na kuwasha."

"Hapana, mzee."

"Basi nataka utembee. Duka kwa duka, mpaka Oktoba. Uwafundishe, uangalie nyaya, modemu, kila kitu. Wewe wanakujua kwa sauti. Jumatatu unaenda, Ijumaa unarudi. Pesa ya kulala itakuwa. Hiyo ndiyo kazi iko, Nthiwa. Ile ya kukaa imekwisha, na sikutaka usikie kwa mtu mwingine."

Nilimwuliza kama naweza kumjibu kesho. Alisema naweza.

Jumanne, 30 Mei

Jana jioni nilimweleza Kanyiva yote tukiwa nje, Kasiva akiruka kamba kwenye changarawe. Nilimweleza na trei, na rafu, na kabati, kwa sababu aliuliza. Kisha nikamwambia kuhusu Jumatatu na Ijumaa. Nikasema naweza kukataa. Naweza kutafuta kitu hapa hapa Dagoretti, machinjioni labda, na tukae chumba kimoja.

Aliitazama kamba ikizunguka. Nikadhani ameudhika, na angekuwa na haki. Nilimtoa Kitui ili tukae pamoja, na sasa mimi ndiye ninayeondoka.

"Miaka tisa nilikungoja mwisho wa mwezi," akasema. "Na sikujua utakuja na uso gani. Kukungoja Ijumaa si kitu. Na mimi nitakuwa nakungojea nyumbani kwangu."

Akamwita Kasiva aje kunawa miguu.

Leo asubuhi nimemwambia Bwana Ajit ndiyo. Naanza Jumatatu, Machakos kwanza, kisha Embu. Simran ameniomba nimletee Annah ofisini siku moja; anataka kumwona.